Wachezaji Hupita, Timu Hubaki: Habari za UConn



Leo tuipumzishe soka tuzungumze mpira wa kikapu. Nimechagua timu moja ya wanaume ya chuo kikuu, kule kaskazini mashariki ya Marekani: timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, ambayo wenyewe huiita kwa kifupi UConn. Wengi wenu mnaijua kwa sababu ya mtu mmoja, kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet. Huyo nitamfikia, na nitakaa naye, maana anastahili. Ila kwanza nataka tuelewane ni kwa nini habari za timu ya chuo zinatuhusu sisi.

Timu ya chuo ina sharti ambalo klabu ya kawaida haina. Mchezaji wake ni mwanafunzi, na kwa desturi ya Marekani mwanafunzi huwa na misimu minne ya kucheza, kisha huaga. Akiwa hodari sana hafikishi hata hiyo minne, kwa sababu ligi ya kulipwa, NBA, humchukua mapema. Kwa hiyo kocha wa chuo anajua, siku ile ile anayompokea kijana, kwamba kijana huyo ataondoka. Kila baada ya miaka michache kikosi kizima huwa kipya. Basi timu ya namna hiyo huwezaje kuwa bora kwa miaka 10, 20, 30?

UConn wamefanya hivyo. Wametwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mara 6: mwaka 1999, 2004, 2011, 2014, 2023 na 2024. Wameutwaa chini ya makocha watatu tofauti na vizazi vya wachezaji ambao wengine hawakuwahi hata kuonana. Natafuta siri ya jambo hilo, kwa sababu huku kwetu tunazijua timu ambazo nyota wake akihama, au mfadhili akichoka, nazo hufa.

Tuanzie mwanzo. Chuo hicho kipo Storrs, na Storrs si jiji. Ni eneo la mashamba, mashariki ya mji wa Hartford, ambako theluji huanguka majira ya baridi na barabara hupita katikati ya malisho. Mwaka 1881 ndugu wawili, Charles na Augustus Storrs, walitoa ardhi na fedha ili ianzishwe shule ya kilimo. Vijana wa wakulima walikwenda pale kujifunza kufuga ng'ombe na kutunza udongo. Hadi leo chuo kina mabanda ya ng'ombe wa maziwa, na wageni hupanga foleni kununua aiskrimu yake.

Wakati huo mpira wa kikapu ulikuwa bado haujabuniwa. Mwalimu James Naismith aliubuni mwaka 1891 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, jirani kabisa na Connecticut. Miaka 10 baadaye, mwaka 1901, wanafunzi wa Storrs wakacheza mchezo wao wa kwanza. Wapinzani wao walikuwa vijana wa sekondari kutoka mji wa jirani, na Storrs wakashinda kwa pointi 17 kwa 12. Historia ya mabingwa mara 6 ilianza hivyo, kwa chuo cha kilimo kupambana na shule ya sekondari.

Jina la timu lilitokana na kazi ya chuo: waliitwa Aggies, yaani watu wa kilimo. Chuo kilipopanda hadhi miaka ya 1930 wanafunzi wakataka jina jipya, wakachagua Huskies, wale mbwa wenye manyoya mazito wanaovuta magari ya barafu. Mbwa halisi akaletwa, akaitwa Jonathan, kwa heshima ya Jonathan Trumbull, gavana wa Connecticut wakati wa vita vya uhuru wa Marekani. Kila mbwa aliyerithi nafasi hiyo hupewa jina hilo hilo. Mwaka 1939 chuo kikawa rasmi Chuo Kikuu cha Connecticut.

Kwa miongo mingi ilikuwa timu ya nyumbani. Iliundwa na vijana wa jimbo hilo, ikacheza na vyuo vya majimbo jirani, ikashinda huko, na nje ya hapo hakuna aliyeijua. Kocha Hugh Greer aliichukua mwishoni mwa mwaka 1946 akaiongoza mpaka Januari 1963, alipofariki ghafla katikati ya msimu. Ukumbi wa michezo wa chuo ukapewa jina lake. Nawataja hawa wa zamani kwa makusudi. Wao ndio waliowazoesha watu wa Connecticut kutoka majumbani mwao usiku wa baridi kwenda kutazama wanafunzi wakicheza. Mashabiki hao walikuwepo kabla ya kombe lolote.

Baadhi ya mashabiki hao walinusurika kwa saa chache. Usiku wa tarehe 17 Januari 1978, UConn walicheza katika ukumbi mkubwa wa Hartford mbele ya maelfu ya watu, wakashinda. Watu wakaenda kulala. Kabla ya alfajiri, paa la ukumbi ule likaporomoka lote kwa uzito wa theluji. Hakuna aliyekuwamo ndani.

Mwaka 1979 ndio uliobadilisha mambo. Dave Gavitt, kocha wa chuo cha Providence, aliviunganisha vyuo vya pwani ya mashariki katika ligi moja aliyoiita Big East, na UConn wakaalikwa. Mwaka huo huo, katika mji wa Bristol, humo humo Connecticut, kilianza kituo cha televisheni cha michezo tupu, ESPN, kilichokuwa na kiu ya michezo ya kurusha. Ligi ilihitaji kuonekana, kituo kilihitaji cha kuonyesha. Ghafla wanafunzi waliokuwa wakitazamwa na kata yao wakawa wanatazamwa na nchi nzima.

Ila kualikwa kwenye meza ya wakubwa si kushiba. Georgetown walikuwa na Patrick Ewing, mzaliwa wa Jamaika, mrefu na mwenye hasira ya ushindi. St. John's na Syracuse walikuwa na vijana wa New York. Mwaka 1985, kati ya timu nne zilizofika nusu fainali ya taifa, tatu zilitoka Big East. UConn hawakuwa miongoni mwao. Walikuwa karibu na mkia wa msimamo.

Mwaka 1986 akaja Jim Calhoun. Huyu bwana alifiwa na baba yake akiwa na miaka 15, katika mji wa Braintree karibu na Boston. Akaacha chuo baada ya miezi michache ili aitunze familia, akafanya vibarua vya kila aina: alikata mawe, alichimba makaburi. Baadaye akarudi darasani, akamaliza, akawa mwalimu na kocha. Mtu wa namna hii huwa haoni aibu kuanzia chini. Na kweli alianzia chini: msimu wake wa kwanza UConn walishinda michezo 9 wakapoteza 19.

Msikilizaji, tulia hapo kwenye 9 na 19. Ni mara ngapi kocha wetu amepewa muda baada ya matokeo kama hayo? Calhoun alipewa. Msimu wa pili timu yake ikatwaa NIT, mashindano ya daraja la pili ya taifa, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Msimu wa nne, 1989 hadi 1990, ikashinda michezo 31. Januari ya msimu huo chuo kikafungua ukumbi mpya palepale Storrs, Gampel Pavilion, wenye paa la kuba.

Machi 1990, kwenye mashindano ya taifa, UConn walikutana na Clemson. Waliongoza kwa pointi 19, kisha uongozi ukayeyuka wote, na zikiwa zimebaki sekunde chache Clemson wakawa mbele kwa pointi 1. Ilibaki sekunde 1 kwenye saa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Scott Burrell, akasimama nyuma ya mstari wa mwisho akarusha mpira kutoka upande mmoja wa uwanja hadi upande wa pili. Tate George, wa mwaka wa nne, akaudaka, akageuka, akatupa. Ukaingia. UConn 71, Clemson 70. Siku mbili baadaye mambo yakageuka: Christian Laettner wa Duke akatupa mpira sekunde ya mwisho ya muda wa nyongeza, UConn wakatolewa kwa pointi 1.

Mwangalie aliyetoa pasi ile na aliyeipokea: wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa nne. Nitarudi kwenye jambo hili, maana ndilo jibu ninalolitafuta.

Ilimchukua Calhoun miaka 13 kufika nusu fainali ya taifa. Katika miaka hiyo alimlea Ray Allen, aliyekuja kuwa mmoja wa watupaji bora kabisa wa mbali duniani, na hata kwa Ray Allen hakufika. Alifika mwaka 1999. Fainalini walikuwa Duke tena, waliokuwa wamepoteza mchezo 1 tu msimu mzima. Wataalamu walishaandika jina la Duke kwenye kombe. Richard Hamilton akafunga pointi 27 kwa UConn. Lakini dakika za mwisho zilikuwa za Ricky Moore, mchezaji wa mwaka wa nne ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukaba. Alimganda Trajan Langdon, mtupaji hodari wa Duke, mpaka Langdon akakosea hatua na kupoteza mpira. UConn 77, Duke 74. Shule ya wafuga ng'ombe ikawa bingwa wa taifa.

Mwaka 2004 wakarudia, wakiwa na Ben Gordon na Emeka Okafor, kijana aliyezaliwa Marekani kwa wazazi wa Kinigeria. Kesho yake usiku timu ya wanawake ya chuo hicho hicho, chini ya kocha Geno Auriemma, nayo ikatwaa ubingwa wa wanawake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chuo kimoja kubeba makombe yote mawili ya kikapu katika msimu mmoja, na walikuja kurudia tena mwaka 2014.

Sasa tumfikie Hasheem.

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Alisoma Makongo, shule ambayo kila mpenzi wa michezo Tanzania anaijua. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa amekwisha kuwa kijana, umri ambao mwenzake wa Marekani tayari ana miaka 10 ya mazoezi. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Akavuka bahari, akamalizia sekondari Houston, Texas, katika shule ya Cypress Christian, na mwaka 2006 akaingia Storrs kwa ufadhili wa masomo. Urefu wake ulikuwa mita 2.21.

Urefu huo ndio uliomfungulia mlango, hakuna ubishi. Lakini urefu haumwambii mtu asimame wapi mpinzani anapoingia kasi kuelekea kikapuni, wala haumfundishi kuruka bila kugusa mkono wa mtu na kupigiwa faulo. Hayo hufundishwa. Na mwaka ule wa 2006 timu yote ilikuwa changa. Wakubwa walikuwa wameondoka kwa mkupuo, na UConn wakamaliza na ushindi 17 na vipigo 14, nje ya mashindano yote ya baada ya msimu. Hasheem alipata wastani wa pointi 6.2 kwa mchezo. Mitupo aliyokuwa akiizuia ilikuwa mingi, karibu 4 kila mchezo, ila akiwa na mpira mkononi kazi yake bado ilikuwa ndogo.

Mwaka wa tatu mambo yalikuwa mengine. Msimu wa 2008 hadi 2009 alipata wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8, na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa kila mchezo. Dhidi ya Providence alifikisha tarakimu mbili katika mambo matatu kwa mara moja: pointi, ribaundi, na mitupo 10 aliyoizuia. Kwenye jedwali la wazuiaji wa chuo hicho kwa nyakati zote, ni Okafor peke yake aliyemzidi. UConn wakapanda mpaka namba 1 ya taifa.

Tarehe 16 Februari 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Pittsburgh walikuja Hartford wakiwa na kijana aitwaye DeJuan Blair, mfupi kuliko Hasheem kwa sentimita 20 hivi, lakini mpana na mwenye nguvu za kubeba gunia. Katika kugombea mpira mmoja Blair alimpindua Hasheem juu ya bega lake, mtu mzima wa mita 2.21 akaanguka chini. Blair akamaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem akapata pointi 5. Picha za tukio hilo zilizunguka nchi nzima. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ngumu mno, na angeweza kuvunjika moyo. Hakuvunjika. Msimu ulipokwisha, makocha wa Big East walipomchagua mchezaji bora wa ligi, walishindwa kumpata mmoja, wakalitoa taji kwa wawili: DeJuan Blair na Hasheem Thabeet. Mlinzi bora wa ligi alikuwa Hasheem peke yake, kwa mwaka wa pili mfululizo.

Na kulikuwa na usiku wa tarehe 12 Machi mwaka ule ule, Madison Square Garden, UConn na Syracuse. Muda wa kawaida ukaisha sare. Muda wa nyongeza ukaisha sare. Wa pili, sare. Wa tatu, wa nne, wa tano, sare. Syracuse walishinda kwenye muda wa nyongeza wa sita, 127 kwa 117, ikiwa saa saba na dakika 22 usiku huko New York. Hapa Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kupita saa mbili asubuhi, watu wako kazini. Wachezaji 8 walikuwa wametolewa kwa kufikisha faulo 5, Hasheem akiwamo. Wiki tatu baadaye timu hiyo hiyo ikasimama katika nusu fainali ya taifa jijini Detroit, ikatolewa na Michigan State.

Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem wa pili kati ya vijana wote walioingia NBA mwaka ule, mbele ya James Harden, mbele ya Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Yaliyofuata mnayajua: hakudumu Memphis, akapelekwa ligi ya chini, akapita Houston, Portland na Oklahoma City, kisha akacheza Japani na Taiwan. Na hapa nina neno na ndugu zangu wa vijiweni. Tukimtaja Hasheem tunaanza na orodha ya waliochaguliwa nyuma yake wakawa wakubwa, tunatikisa kichwa, tunafunga mjadala. Nasema si haki. Kijana aliyeanza kucheza akiwa amechelewa, aliyekuja kwenye theluji akitoka Dar es Salaam, kwa misimu mitatu akawa mmoja wa wachezaji wawili bora wa ligi ngumu kuliko zote za vyuo. Hayo aliyafanya mahali palipomchukua kwa ajili ya kile atakachoweza kesho, wakampa muda na mwalimu. NBA ilimtaka kwa kile anachoweza leo jioni. Mimi naona tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe, na ndiyo inayotufaa zaidi kuliko kumhukumu mtu.

Sasa turudi kwenye jambo nililoahidi, kijiti ambacho mchezaji mkubwa humwachia mdogo. Katika kikosi cha Hasheem cha 2009 kulikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Bronx, New York, jina lake Kemba Walker. Mchezo uliowapeleka Detroit, dhidi ya Missouri, huyo mdogo ndiye aliyefunga pointi 23. Miaka miwili baadaye, 2011, karibu wakubwa wake wote wakiwa wameondoka, Kemba akawa mkubwa. UConn walimaliza ligi yao katikati ya msimamo, hakuna aliyewahesabu. Kwenye mashindano ya mwisho ya Big East wakalazimika kucheza michezo 5 katika siku 5. Wakashinda yote. Wakaendelea na 6 ya mashindano ya taifa. Wakashinda yote, fainali wakiwafunga Butler 53 kwa 41.

Na pembeni ya Kemba mwaka ule alikuwapo mwanafunzi mwingine wa mwaka wa kwanza, Shabazz Napier. Huyu naye akatazama, akajifunza, na mwaka 2014, akiwa wa mwaka wa nne, akaibeba timu mpaka fainali na kuwafunga Kentucky 60 kwa 54, pointi 22 zikiwa zake. Kocha alikuwa Kevin Ollie, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji wa Calhoun miaka ya mwanzo ya 1990. Hasheem na Kemba, Kemba na Shabazz: mtu na aliyemtangulia walivaa jezi moja, wakafanya mazoezi pamoja, wakala meza moja. Hilo ndilo jibu la swali langu. UConn hawakuwa na dawa ya kuwazuia wachezaji wasiondoke. Walihakikisha tu kwamba anayeondoka amekwisha kumfundisha anayebaki.

Sitaki mdhani kila kitu kilikuwa safi. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilimfungia Calhoun michezo 3 kwa makosa ya namna timu ilivyomfuata mchezaji mmoja kumsajili. Na mwaka 2013 UConn walizuiwa kabisa kushiriki mashindano ya taifa. Kosa lilikuwa darasani: alama za maendeleo ya masomo ya wachezaji zilikuwa chini ya kiwango. Adhabu hiyo iliwaangukia vijana ambao wengi hawakuwa wamesababisha kosa. Baadhi walihama. Napier alibaki, akacheza msimu mzima asioweza kuushinda, na ndipo mwaka uliofuata akaupata ubingwa. Naiunga mkono adhabu ile, pamoja na machungu yake. Chuo kinachomtumia mwanafunzi uwanjani na kumsahau darasani kinamwibia miaka yake.

Napier huyo huyo alisema jambo jingine mbele ya waandishi wakati wa fainali za 2014: kwamba kuna usiku ambao yeye, nyota wa timu inayotazamwa na mamilioni, alilala na njaa. Mwezi ule ule NCAA ikapitisha kanuni ya kuviruhusu vyuo kuwapa wachezaji chakula bila kikomo. Na tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo Marekani wanaruhusiwa kupata fedha kwa matumizi ya majina na sura zao katika matangazo. Ilichelewa, lakini ni haki.

Baada ya 2014 giza likaingia. Big East ya zamani ilikuwa imesambaratika, vyuo vikifuata fedha za soka ya Kimarekani, na UConn wakaachwa kwenye ligi isiyokuwa na wapinzani wao wa jadi. Mwaka 2018, baada ya misimu miwili ambayo vipigo vilizidi ushindi, Ollie akaachishwa kazi. Akaja Dan Hurley, mtoto wa kocha mashuhuri wa sekondari wa Jersey City. Msimu wake wa kwanza: ushindi 16, vipigo 17. Akapewa muda, kama alivyopewa Calhoun. Mwaka 2020 chuo kikarejea Big East. Mwaka 2023 wakawa mabingwa, na mchezaji bora wa fainali akawa Adama Sanogo, kijana wa Bamako, Mali. Fainali hizo ziliangukia mwezi wa Ramadhani, na Sanogo alikuwa kwenye saumu. Dhidi ya Miami katika nusu fainali alifunga pointi 21, na kwenye fainali 17 na ribaundi 10. Wasikilizaji wangu wa Zanzibar, Mombasa na Tanga mnajua vizuri nguvu inayohitajika hapo.

Nyuma ya Sanogo, kwenye benchi, alikaa mrefu wa mwaka wa kwanza aliyezaliwa Bristol, humo humo Connecticut, Donovan Clingan. Sanogo alipoondoka, Clingan akachukua nafasi, na mwaka 2024 UConn wakawa mabingwa tena. Hakuna chuo kilichokuwa kimetetea ubingwa tangu Florida mwaka 2007. Njiani waliwafunga Illinois kwa kupachika pointi 30 mfululizo bila kujibiwa hata moja.

Siku hizi kijiti hicho kiko hatarini. Kanuni mpya zinamruhusu mchezaji kuhama chuo kwa urahisi kila mwaka, na fedha zinamwita. UConn wenyewe walimpokea Tristen Newton kutoka chuo kingine, akawa mchezaji bora wa fainali za 2024. Kazi ya kuunganisha kizazi na kizazi itakuwa ngumu zaidi, na nadhani vyuo vitakavyoikwepa vitajuta.

Na sisi je? Afrika Mashariki hatuanzi sifuri. Dar es Salaam ina UDSM Outsiders. Nairobi ina Strathmore Blades. Kampala ina UCU Canons na KIU Titans. Hizi ni timu zenye jina la chuo, ndani ya ligi za watu wazima, na zimelea wachezaji wengi. Naziheshimu. Ninachoomba kwa wakuu wa vyuo ni mambo matatu, na yote nimeyatoa Storrs. Kwanza, kocha wa kudumu, anayelipwa kama mwalimu, asiyefukuzwa baada ya msimu wa 9 na 19. Pili, ukumbi wenye paa, hata kama ni mdogo, ili mvua za masika zisiwe ratiba ya mazoezi. Tatu, mchezaji asipewe udahili akaachwa afeli. Awe na mtu wa kumfuatilia masomo kama anavyofuatiliwa uwanjani.

Tunao vijana warefu, tunao wepesi, na tunao wanaojifunza haraka. Hasheem alitoka Makongo, hakutoka mwezini. Kilichokosekana ni chuo cha nyumbani ambacho kingemchukua akiwa bado hajui, kikamfundisha, kisha kikamwomba amfundishe mdogo wake kabla hajaondoka. Kama wewe unayenisikiliza una sauti katika chuo chochote, kwenye baraza la wanafunzi, ofisi ya michezo au seneti, lianzishe suala hili kwenye kikao chenu kijacho, na uombe lijibiwe kwa bajeti na majina ya watu watakaoifanya kazi.